Megabiti Tumelipia, Milisekunde Ziko Wapi?

Sisi si watu wakubwa. Ni wapangaji wa Sinza, Kijitonyama, Tabata na kwingineko Dar es Salaam: wauza maduka, makarani, wanafunzi wa chuo, dereva wa bodaboda mwenye vidole vyepesi kuliko sisi sote, na mama wa watoto watatu ambaye kwenye Call of Duty hakuna anayethubutu kumchokoza. Wengine wanachezea simu, wengine PlayStation ya mtumba, wengine kompyuta iliyokusanywa kipande kwa kipande Kariakoo. Ikifika saa mbili usiku, watu wameshakula, vyombo vimeshaoshwa, tunaingia uwanjani. Hatuombi makuu. Tunaomba ukibonyeza, kitokee ulichobonyeza, na kitokee sasa.

Hakitokei sasa. Unabonyeza pasi beki yuko mbali. Pasi inatoka beki ameshafika. Unampiga adui risasi tatu za kichwa, anaendelea na shughuli zake, halafu ni wewe unayeanguka, na kwenye marudio unajiona umesimama wima ukikodolea ukuta. Wanaotazama pembeni wanasema hujui kucheza. Hapo ndipo panapouma. Kufungwa na aliyekuzidi si aibu, lakini kufungwa na ruta?

Basi tunapiga huduma kwa wateja. Muziki, tangazo, muziki tena. Kisha sauti ya upole: "Karibu sana, nikusaidie nini mpendwa?" Ukishaeleza unaulizwa taa za ruta zinawaka rangi gani. Kijani. Unaambiwa zima, subiri kidogo, washa. Nimeshafanya, dada. Fanya tena, kaka. Baadaye unatumwa kwenye tovuti ya kupima kasi, nayo inaandika megabiti 20 kwa sekunde, zilezile unazolipia, na yule dada anafurahi kwa dhati kabisa: "Umeona? Huku kwetu iko vizuri. Labda uangalie simu yako." Malalamiko yamefungwa. Kabla hujaweka simu chini, ujumbe umeshaingia ukikuomba uwape alama za huduma.

Yule dada hatumlaumu. Kapewa karatasi ya maswali, anaisoma. Tunamlaumu aliyeiandika, maana swali lililopaswa kutangulia mengine yote halimo kabisa: pingi ni ngapi?

Kasi inayotangazwa kwenye mabango ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Pingi ni muda ambao pakiti moja ndogo ya data inautumia kwenda hadi kwenye seva na kurudi, na hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha ikawa njia nane, na tunashukuru, lakini mji wa Morogoro haujasogea karibu yetu hata hatua moja. Ndivyo ilivyo kwa megabiti. Gemu nyingi za mtandaoni hazitumii hata megabiti 1 kwa sekunde, kwa kuwa kinachosafiri ni taarifa fupifupi: mchezaji yuko hapa, ameruka, amepiga. Filamu yenye picha safi ndiyo inayotaka kama megabiti 5, nayo hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo hutambui. Gemu haina akiba. Hakuna seva inayoweza kukuletea mapema hatua ambayo mpinzani wako bado hajaiwaza.

Pingi ikiwa chini ya 50 hatuna neno. Ikifika 100 tunaanza kukunja uso. Ikipita 150 kwenye gemu ya risasi, kila unachokiona kwenye kioo kimeshapitwa na wakati. Lakini kuna mbaya zaidi ya hiyo: pingi inayorukaruka, 60, 65, 340, 70, 410. Kuchelewa kwa kiwango kimoja vidole hukuzoea, unaanza kubonyeza mapema bila hata kujijua. Ucheleweshaji unaobadilika kila sekunde hauzoeleki. Na pakiti zikianza kupotea kabisa, hata chache katika kila mia, wachezaji wanatoweka hapa wanaibukia pale, ukasema nyumba ina majini.

Tuwe waungwana, sehemu ya shida hii haina mkosaji. Mwanga ndani ya uzi wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na sheria hiyo haina huduma kwa wateja. Seva zinazotuhudumia ziko Afrika Kusini, au Ghuba, au Ulaya, ikitegemea gemu na mwenye gemu. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 za mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 25 hata kama dunia nzima imelala. Hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000, basi 70. Na waya hazinyooki: za kwenda Ulaya hufuata pwani, zikapanda Bahari ya Shamu, zikavuka Misri, zikaingia Mediterania, ndipo zianze kutafuta Wajerumani. Hapa Dar es Salaam tuna kituo cha kubadilishana data, TIX, kinachosaidia pale unachokitafuta kinapokuwa hapahapa nchini. Seva ya gemu haiko hapahapa. Kwa hiyo jirani akicheza na jirani, ukuta mmoja kati yao, magoli yao yanaweza kuamuliwa Ulaya.

Wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka hali kabla ya 2009, mwaka ambao waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, ukifuatwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mtandao ilipitia satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na swali na jibu lake vilimeza karibu nusu sekunde hata kabla mtu hajakosea lolote. Tumetoka mbali, tunakubali. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, waya hizo mbili zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikayumba pamoja, hatukupiga kelele. Kulikuwa na jibu la kweli, tukalipokea, tukatoa karata tukacheza. Kinachotukera ni zile siku ambazo kila waya uko salama chini ya maji na pingi inasoma 300.

Hapo ndipo inabidi tuingie ndani ya nyumba.

Ruta ina mahali pa kuwekea pakiti zinazosubiri zamu. Kumbukumbu za kielektroniki ziliposhuka bei, watengenezaji waliona ni ukarimu kupafanya mahali hapo pawe pakubwa. Matokeo yake, mtu mmoja akianza kupandisha kitu kizito mtandaoni, pakiti zake zinajaza foleni nzima na kile kijipakiti chako cha gemu kinasimama nyuma kabisa. Hakipotei, kinasubiri tu, na kusubiri kwenyewe kunaweza kufika nusu sekunde na zaidi. Mhandisi Mmarekani Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele jambo hili kuanzia 2010, baada ya kuona mtandao wa nyumbani kwake mwenyewe ukizorota, akaliita bafabloti. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kuitibu foleni hiyo: pakiti ikikaa humo kupita kiasi, inatupwa, ili mtumaji ajue kupunguza mwendo. Mwaka 2018 njia iliyoboreshwa, inayoupa kila mtiririko wa data foleni yake, ikachapishwa rasmi kwa yeyote kuichukua bila kulipa. Ni dawa ya bure, na miaka imeshapita. Ruta nyeupe tuliyoletewa na kampuni haina.

Na nani anapandisha? Kila mtu, ndugu zanguni. Vifurushi vingi, hasa vya ruta za laini ya simu, vina njia pana ya kushusha na nyembamba ya kupandisha, na usiku ndio wakati nyumba nzima inapandisha. Shangazi karudi harusini, ana video za bibi harusi akiingia, akikaa, akisimama, akila keki, na zote lazima ziwafikie ndugu wa Tanga kabla hajalala. Simu za watoto zikichomekwa chaji zinaanza kuhifadhi picha za siku nzima mtandaoni bila kumuuliza mtu. Baba mwenye nyumba amefunga kamera ya ulinzi inayotuma mbali, usiku kucha, picha safi za geti lililofungwa.

Unakwenda kwa heshima.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba uzime waifai dakika kumi tu. Tuko nusu fainali."

"Mwezi huu nimechangia elfu ngapi?"

"Ishirini, shangazi."

"Na wewe?"

Mazungumzo yanaishia hapo, na ana haki. Hakuna sheria ya familia inayosema harusi ni ndogo kuliko nusu fainali. Ndiyo maana tunasema jambo hili lilipaswa kutatuliwa na mashine, si na watu wa nyumba moja kununiana. Mmoja wetu alichoka akanunua ruta yake, yenye ile dawa ya foleni ndani ya mpangilio unaoitwa SQM, akaiambia kwamba laini yake ya megabiti 20 ihesabike kuwa ni ya 17. Ukifanya hivyo foleni haijengeki tena kwenye kisanduku cha kampuni, inajengeka kwenye ruta yako, unakoweza kuitawala. Megabiti 3 zimekwenda sadaka. Shangazi anapandisha harusi, dogo anaangalia katuni, na pingi imetulia palepale. Swali letu ni kwa nini raha hii lazima inunuliwe nje, kwa mfuko wa mtu, wakati kampuni ingeweza kuiwasha yenyewe kwenye ruta wanazogawa.

Halafu kuna waifai, ambayo nayo kesi yake ni ndefu. Fundi wa faiba alikuja na waya mfupi, akatoboa karibu na dirisha la jikoni, akaibandika ruta hapohapo, akasema "inashika nyumba nzima hii", akapiga picha ya kazi, akaondoka. Inashika jikoni. Kati ya jikoni na chumbani kuna kuta za tofali za saruji, kuna friji, kuna oveni ya maikrowevu ambayo ikiwashwa inapiga mawimbi yaleyale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na waifai ya kawaida. Juu ya ruta mama amefunika kitambaa cha kufuma, kwa sababu kifaa kikiachwa wazi sebuleni au jikoni ni utovu wa nidhamu, na ruta inachemka kama imetenda dhambi. Ukitafuta mitandao iliyo karibu unaona orodha ndefu: Lipia Yako, Usiibe Bando, Mama Junior, Mungu Anaona. Zote zimebanana kwenye chaneli chache, kwa kuwa kwenye 2.4 ni chaneli 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana. Bendi ya gigahezi 5 ina nafasi tele na haigombani na maikrowevu, ila ukuta wa pili unaichosha. Waya ndio mwisho wa maneno: kebo kutoka kwenye ruta hadi kwenye PlayStation inafuta ugomvi huu wote kwa siku moja. Lakini kebo inataka tundu ukutani, na tundu linataka ruhusa, na mwenye nyumba akisikia neno "toboa" anakukumbusha kodi ya miezi sita.

Kwa kuwa hatusaidiwi, tumejifunza kujitibu, na mtihani wenyewe hauhitaji shule. Kwenye kompyuta, au kwa programu ndogo ya simu, unaipiga pingi ruta yenyewe, ambayo mara nyingi anwani yake ni 192.168.1.1. Jibu linapaswa kuwa milisekunde chache tu. Likirukaruka, adui ni waifai yako, usiisumbue kampuni. Ruta ikiwa shwari, unaipiga pingi anwani ya nje, kwa mfano 8.8.8.8, huku mtu akipandisha video. Namba ikipaa papo hapo, ni ile foleni ya ndani. Kama nyumba nzima imezima kila kitu na bado ikifika saa mbili usiku namba inapanda, ikipita saa sita inashuka, basi kosa liko kwa waliouza laini nyingi kuliko wanazoweza kuhudumia. Na kama ni ileile asubuhi, mchana na usiku, kubwa lakini haiyumbi, huo ni umbali au njia ya mzunguko waliyochagua kupitisha pakiti zako. Majibu manne, maamuzi manne. Tungependa kuamini yangetosha kwenye karatasi ya yule dada.

Hilo la saa mbili usiku ndilo kampuni hazipendi kulisikia. Ruta ya laini ya simu inagawana mnara na mtaa mzima, na usiku mtaa mzima uko nyumbani, kila mtu na tamthilia yake. Tunaambiwa tuhamie 5G, na kweli tangu 2022 ipo katika baadhi ya maeneo ya jiji, ila mnara ukiwa na watu wengi unabaki kuwa mnara wenye watu wengi. Kifurushi kinaitwa "bila kikomo", kisha kwenye maandishi madogo kuna "matumizi ya haki": ukifika gigabaiti kadhaa wanakubana mwendo mpaka mwezi uishe. Sasisho moja la gemu kubwa linaweza kula makumi ya gigabaiti kwa usiku mmoja. Kwa hiyo umetumia haki yako yote kupakua, na kucheza hujaanza.

Kuna wanaotuuzia VPN "ya kuua pingi". Mara chache inafaa, pale ambapo kampuni inapitisha pakiti njia ya mzunguko na VPN inakupa ya mkato. Mara nyingi inaongeza kituo kimoja zaidi njiani. Na tangu Oktoba 2023 TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, ilipowataka watumiaji wa VPN nchini watoe taarifa zao, mtu anajiuliza kama ushindi mmoja wa Free Fire unastahili fomu. Wenzetu wa Kenya, waliopata Starlink mwaka huohuo, na satelaiti zake zinazozunguka kwenye kimo cha kama kilomita 550 tu, wanatutumia picha za pingi zao kwenye kundi la WhatsApp wakiweka na vicheko. Tumewaona. Tutakutana kwenye mpira.

Hatujazungumzia umeme, ambao ukikatika sekunde moja tu ruta inazima na kuanza safari upya, taa moja moja, huku timu yako ikikuandika mkimbizi. Wala ile hali ya wateja wengi kuwekwa nyuma ya anwani moja ya mtandao, ambayo inafanya PlayStation ikuambie huwezi kuingia chumba cha marafiki zako. Ukiona kwenye ruta yako anwani ya nje inaanzia 100.64 na kuendelea, jua uko nyuma ya anwani hiyo ya pamoja, na unaweza kuomba kampuni ikupe anwani yako. Watakupa, kwa malipo ya ziada.

Tulichokitaka tulikiandika vizuri, kwa Kiswahili fasaha, tukasaini wapangaji wa jengo zima, akiwemo shangazi. Tuliomba mambo ya kawaida. Pamoja na megabiti, tangazo liseme pingi ya kawaida hadi Johannesburg na hadi Ulaya, saa mbili usiku, si saa tisa alfajiri. Iandikwe pakiti ngapi katika kila mia zinakubalika kupotea. Neno "hadi" lililo mbele ya megabiti 20 lipate mwenzake "isiyopungua". Ruta wanazogawa ziwe na ile dawa ya foleni, imewashwa tayari, mteja asihitaji kujua jina lake. Fundi aje na waya wa kufika sebuleni. Nakala tukasema tutaipeleka kwa mdhibiti, maana kupokea malalamiko ya wateja ambayo kampuni imeshindwa kuyamaliza ni kazi yake.

Jibu lilikuja kwa ujumbe mfupi, na lilikuja haraka kuliko pakiti yoyote tuliyowahi kutuma: "Ndugu mteja, asante kwa maoni yako. Furahia gemu bila kukwama! Hamia sasa kifurushi cha hadi megabiti 40. Bonyeza 1 kukubali."

Shangazi amebonyeza 1. Anasema harusi ya Jumamosi ina wapiga picha wawili.